Mtunzaji wa Programu Huria Si Mtumishi Wako

Kuanzia Keroka hadi Ekerenyo naulizwa swali lile lile: "Linux ya shule imekwama, wenyewe mbona hawaitengenezi?" Nikieleza kwamba watunzaji wengi wanajitolea, naambiwa: waandikie kwa ukali, wakisukumwa watafanya.

Dawa hiyo ya kusukuma ni sumu, na ushahidi upo. Programu ndogo ya kubana mafaili, xz, imo katika karibu kila Linux. Kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja, Lasse Collin, bila mshahara. Mwaka 2022 watu wasiojulikana walianza kumwandama: toleo jipya liko wapi, kama umechoka mpe mwingine. Alijibu hadharani kwamba afya ya akili inamsumbua na kwamba kazi hiyo hailipwi. Hawakumhurumia. Msaidizi alikuwa tayari, aliyejiita Jia Tan, naye akapewa mamlaka. Mapema 2024 matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yakatoka na mlango wa siri ndani yake. Na yale "macho ya maelfu" tunayoambiwa hulinda programu huria? Aliyeugundua ni mhandisi mmoja, Andres Freund, aliyekerwa na kuona kuingia kwenye kompyuta kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde.

Toleo thabiti la Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, halikuguswa. Huko watunzaji hawakimbilii kila kipya; huchukua kiraka cha usalama wakakitia kwenye toleo la zamani lililokwisha kupimwa. Hilo ndilo jukumu lao, pamoja na kupokea ripoti, kuzipeleka kwa waandishi wa programu, na kusema mapema wanapolemewa ili kifurushi kipate mlezi mwingine. Kukuhudumia saa unayotaka hakumo. Leseni ya programu huria inasema wazi: hakuna dhamana.

Basi ufanye nini? Baki kwenye toleo thabiti. Washa masasisho ya usalama. Ukiripoti, taja namba ya toleo, hatua ulizofuata na ujumbe wa hitilafu neno kwa neno. Shule au ofisi isiyoweza kukaa siku moja bila mfumo imlipe fundi. Hata KenyaEMR, inayotunza rekodi za wagonjwa wetu, imejengwa juu ya programu huria, OpenMRS. Kwa hiyo jambo hili si la mbali nasi.

Nanyi vijana wa Nyamira mnaojua kuandika programu, chukueni ripoti moja iliyokwama, rudieni hitilafu hiyo kwenye mashine zenu, kisha mwandikieni mtunzaji mlichokiona.