Mlima Hoyo, Nchi ya Mapango na Wachoraji

Mwulize mwanafunzi wa Nyakasanza ni mahali gani atamanipo kupatembelea, naye atakutajia Roma, au Lurdi, au pengine jangwa fulani aliloliona katika picha, mahali ambapo wachoraji wa Ulaya huenda kutafuta mwanga na ukimya. Ni haki yake. Lakini je, amepata kusikia habari za Mlima Hoyo? Mlima huo haupo ng’ambo ya bahari. Upo katika Irumu yetu, kusini ya Komanda. Wabelgiji waliufanya hifadhi mwaka 1947, wakajenga na hoteli huko juu, na kwa miaka mingi wageni walitoka mbali kwa kusudi la kuuona. Sisi wenyeji tulikuwa na shughuli nyingine.

Msafiri aondokaye Bunia hupita kwanza katika vilima vya majani, penye ng’ombe na mashamba ya mihogo, na upepo haukomi. Kisha miti huanza kusogea, kwanza mabondeni, halafu hata juu ya vilima. Afikapo Komanda, barabara yagawanyika: moja yaelekea Mambasa na Epulu hata Kisangani, nyingine Beni. Hapo ndipo nchi ya majani na nchi ya msitu zinapopakana.

Mpaka huo una hadithi yake. Mwishoni mwa mwaka 1887 Stanley na wapagazi wake, wengi wao Wazanzibari, walikuwa wamekaa msituni karibu siku 160 bila kuona uwanda. Njaa na maradhi vilikuwa vimewaua wengi. Walipopanda kilima kimoja wakaona kwa mbali nchi ya majani, Stanley alikiita kilima hicho Pisgah, kwa jina la mlima ule ambao Musa alionyeshwa juu yake nchi ya ahadi. Walipoukanyaga uwanda wenyewe, watu wale waliokonda walipiga mbio kama watoto. Sisi tuishio katika majani haya kila siku twasahau kwamba kuna watu waliolia kwa furaha kuyaona.

Mlima Hoyo si mrefu kama Ruwenzori. Kimo chake ni karibu meta 1,450 tu. Uzuri wake umo ndani. Mlima ni wa mawe ya chokaa, na maji ya mvua, yakipita katika udongo na majani yaliyooza, hupata ukali kidogo, nao ukali huo huyeyusha jiwe polepole. Hivyo yamechimbika mapango mengi. Na lile jiwe lililoyeyuka halipotei: tone hudondoka, huacha chembe ya chokaa, na baada ya maelfu ya miaka nguzo hushuka kutoka darini na nyingine huinuka toka chini kuilaki. Waendao kwa miguu wenye kiongozi na taa huingia mapangoni wakiinama, popo wakiruka juu ya vichwa vyao. Nje kuna maporomoko ya maji yashukayo kwa ngazi, ambayo kwa Kifaransa huitwa Ngazi za Venus. Jina hilo halinipendezi sana, kwani maji hayo yalikuwako kabla ya miungu ya Kirumi kujulikana.

Pango lenye habari kubwa kupita yote ni Matupi. Mtaalamu Mbelgiji, Francis Van Noten, alilichimba mnamo miaka ya 1970. Aliona vipande vidogo vya jiwe jeupe la kwarzi vilivyochongwa viwe vyembe, na vya chini kabisa vilikadiriwa kuwa vya miaka 40,000 hivi. Akaona pia mifupa ya wanyama walioliwa, na wengi wao hawakuwa wanyama wa msitu, bali wa mbuga kavu. Maana yake nini? Ni kwamba palipo na miti mikubwa leo palikuwa pakavu zamani, na wawindaji walikaa mlangoni pa pango wakitazama majani. Kati ya vitu hivyo kulikuwa na kipande cha jiwe lililotobolewa, nacho kimechorwa mistari. Jiwe la kazi halihitaji mistari. Mtu fulani aliichora kwa sababu aliipenda.

Tena uchoraji haujaisha katika nchi hii. Wambuti wa msitu wa Ituri hufanya nguo za magome. Mwanamume huambua gome la ndani la mti na kuligonga kwa nyundo mpaka lilainike kama kitambaa. Kisha mwanamke huchora. Wino wake ni maji ya tunda la gardenia yaliyochanganywa na makaa, na kalamu yake ni kijiti au kidole. Huchora mistari, nukta, njia za kupishana, kama matawi na utando wa buibui. Mahali pengine huacha peupe kabisa, na wajuzi husema kwamba uwazi huo ni kama kimya kinachoachwa katika nyimbo zao, ambazo sauti nyingi hupokezana. Nguo hizo leo zatunzwa katika nyumba za makumbusho za Ulaya na Marekani, na wachoraji wasomi huzitazama kwa heshima. Hapa Bunia, ni wangapi kati yetu waliopata kuishika moja mkononi?

Sitaki kumdanganya msomaji kwamba aweza kufunga mkoba kesho na kwenda. Vita vya 1999 hata 2003 vilifunga njia nyingi za Ituri, na baadaye vikundi vyenye silaha vilijificha katika misitu ya Irumu, hata kuuzunguka Mlima Hoyo. Usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 27 Julai 2025, watu zaidi ya 40 waliuawa huko Komanda, wengi wao wakiwa kanisani katika mkesha wa sala. Komanda ni mlango wa mlima huo. Mzazi amkatazaye mwanawe kwenda huko hakosei.

Wambuti nao wamefukuzwa mara nyingi kutoka makambi yao ya msituni, wakaja kukaa kando ya barabara, ambako hawana mti wa kuambua gome wala tunda la wino. Msitu wenyewe unakatwa kwa ajili ya kakao na dhahabu. Msichana azaliwaye kando ya barabara hujifunza kwa nani?

Kwa hiyo nawaomba walimu neno moja dogo. Panapo bibi wa Kimbuti karibu na shule, aitwe siku moja mbele ya watoto, alipwe haki yake kama mwalimu mwingine yeyote, apewe gome na makaa, nasi tukae chini tumtazame anapoanza, na hasa tuangalie ni wapi atakapoacha peupe.