Ungwana wa Mambo Mbotela, ungwana wa Lamu

JE, huu ni ungwana? Ni nani aliyelelewa Kenya baada ya uhuru asiyelijua swali hilo?

Kwa zaidi ya nusu karne Leonard Mambo Mbotela alilipeleka swali hilo majumbani mwa watu, redioni kwanza, kisha na kwenye televisheni. Kipindi chake, ambacho jina lake ndilo swali lenyewe, kilianza mwaka 1966 katika Sauti ya Kenya, shirika ambalo tangu 1989 linaitwa KBC. Mtindo wake ulikuwa mwepesi. Mtangazaji hueleza kisa cha mtu ambaye, tuseme, amezoea kufika kwa jirani saa ya chakula tu, au amekopa na sasa anapita njia ya uchochoroni. Halafu humgeukia msikilizaji na kumwuliza. Baba akikohoa wakati huo, mama humtazama kwa pembe ya jicho, na watoto wakafa kwa kicheko. Somo limeshaingia.

Si Kenya peke yake iliyopata kumkabidhi mtu mashuhuri kazi ya ualimu. Kule Ufilipino, Kim Atienza, aliyezoeleka kwa utabiri wa hali ya hewa, alifundisha habari za wanyama na maumbile katika kipindi cha Matanglawin kuanzia 2008 hadi 2020. Lakini kumweleza mtoto habari za popo ni kazi nyepesi ukilinganisha na kumweleza mtu mzima habari za tabia yake. Isitoshe, neno alilolichagua Mbotela si neno jepesi, na uzito wake huonekana zaidi ukivuka maji mpaka Lamu.

Bara, "mwungwana" ni mtu mpole, mwenye adabu. Lamu ya kale neno hilo lilikuwa na maana ya kwanza kabla ya hiyo. Mwungwana alikuwa mtu huru, yaani asiyekuwa mtumwa, tena mwenye nasaba inayojulikana. Alikaa nyumba ya mawe upande wa Mkomani, yenye daka la kupokelea wageni na zidaka ukutani za kupangia vyombo vya thamani. Mashamba yake yalikuwa ng'ambo, bara, na waliolima huko walikuwa watumwa. Adabu ilikuwapo, tena nyingi, lakini ilihesabiwa kuwa mali ya ukoo kama zile sahani za zidakani.

Mwana Kupona, aliyemtungia bintiye utendi maarufu wa mawaidha mwaka 1858, alimfunza mambo mazuri ambayo hadi leo bibi arusi huusiwa. Alimfunza pia asichanganyike na watumwa isipokuwa kwa kazi za nyumbani. Wanafunzi wanaousoma utendi huo darasani mara nyingi huipita beti hiyo upesi. Nadhani ingefaa wasimame hapo kidogo.

Sasa mtazame Mbotela. Alizaliwa mwaka 1940 huko Frere Town, Mombasa, kijiji kilichoanzishwa na wamishonari katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Wazee wake walitoka katika watu hao. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, miaka 33 tu kabla hajazaliwa. Kwa hesabu ya kale ya Mkomani, mtu wa asili hiyo hangeweza kuitwa mwungwana hata angekuwa na tabia ya malaika. Naye ndiye aliyekaa mbele ya kipazasauti cha taifa, akawauliza mawaziri, makarani, wenye nyumba za mawe na wa makuti, kama mwendo wao ni wa kiungwana.

Na walimsikiliza. Sauti yake iliaminika kiasi kwamba askari wa jeshi la anga walipoasi, tarehe 1 Agosti 1982, walimfuata nyumbani kwake Nairobi, wakampeleka studioni kwa nguvu atangaze kuwa serikali imepinduliwa. Maasi yalipozimwa, ni yeye tena aliyewatangazia wananchi kwamba serikali ingalipo.

Kusema kweli, Lamu ilikuwa imeanza kuulizwa swali hili kabla ya redio. Habib Swaleh, mwanachuoni aliyehamia huko kutoka Ngazija katika karne ya 19, aliweka makao yake upande wa Langoni, penye vibanda vya makuti. Akawafundisha wageni na hata waliokuwa watumwa elimu ambayo baadhi ya wakubwa wa mji waliiona si haki yao. Manung'uniko yalikuwa mengi. Leo msikiti wa Riyadha alioujenga, pamoja na Maulidi yake ya kila mwaka, ni fahari ya mji mzima, na wana wa Mkomani huenda huko pamoja na wengine.

Mbotela alifariki tarehe 7 Februari 2025, akiwa na umri wa miaka 84. Visa vya kipindi chake havijaisha. Mtalii anamlenga kamera mama wa watu aliyevaa buibui, bila hata salamu. Mwenye punda anamtwika mnyama mawe ya kujengea hadi magoti yanamtetemeka. Kijana anapita mbele ya daka la wazee, simu sikioni, kana kwamba pale pamekaa magunia. Hao wote ni rahisi kuwahukumu.

Lakini kuna na mzee mmoja pale pale dakani. Kijana mwingine amempa shikamoo vizuri, amesimama, amesubiri. Mzee, kabla ya kuitikia, anauliza kwanza: "Wewe mwana wa nani?"

Je?