Bata wa Mpakani

Katika bara la Amerika ya Kaskazini yako maziwa makubwa matano, na mpaka wa Marekani na Kanada hupita katika manne ya hayo. Maji ya Ziwa Huron hushuka kwa Mto St. Clair, huingia ziwa dogo lenye jina lilo hilo, kisha hutoka kwa Mto Detroit na kumwagika katika Ziwa Erie. Upande wa magharibi ni jimbo la Michigan, nalo ni la Marekani. Upande wa mashariki ni Ontario, jimbo la Kanada. Mapatano ya mwaka 1783 yalisema mpaka upite katikati ya maji hayo. Walakini hapana ukuta wala ua. Mstari huo umo katika ramani, na mtu aliye katika mashua hauoni. Penye midomo ya Mto St. Clair kiko kisiwa cha Walpole, makao ya Waojibwe na wenzao, ambao huiita nchi yao Bkejwanong, yaani mahali maji yagawanyikapo. Jina hilo lataja mito, wala halitaji serikali.

Ziwa St. Clair si la kina kirefu. Kwa wastani ni futi 11 tu. Kwa hiyo mwanga wa jua hufika chini, na huko huota jani refu jembamba kama utepe, ambalo mizizi yake ina vinundu vyeupe mithili ya viazi vidogo. Vinundu hivyo ni chakula kipendwacho sana na bata mmoja mzuri. Dume lake lina kichwa chekundu cha rangi ya kutu na mgongo mweupe. Ndiyo sababu Waamerika walimwita mgongo wa turubai. Huzama mpaka chini, akafukua matope kwa mdomo wake, akala. Hawezi kuruka ghafula kama bata wa vidimbwini. Hana budi kukimbia kwanza juu ya maji huku akipiga mabawa, ndipo apae.

Bata hawa huzaliwa katika vidimbwi vya mbuga za magharibi, na wakati wa baridi ukikaribia hushuka kwenda kusini. Hata ifikapo Desemba, vidimbwi na maziwa madogo yote yamefunikwa na barafu. Lakini Mto Detroit una mkondo wa nguvu, na maji yaendayo mbio hayagandi upesi. Basi ndege waliosalia hukusanyika humo kwa maelfu, kama watu wakimbiliao kisima cha mwisho wakati wa kiangazi. Na walipo ndege, wawindaji nao huja.

Uwindaji wa siku hizo za mwisho ni kazi ngumu. Mwindaji huondoka alfajiri, giza lingalipo. Huwa na sanamu za bata, pengine mia au zaidi, zilizofungwa kamba na vizito ili zielee mahali pamoja, na bata warukao wadhani wenzao wanakula kwa salama. Yeye mwenyewe hulala chali katika mashua ndogo bapa, iliyopakwa rangi ya kijivu kama maji yenyewe, hata kwa mbali haionekani. Mwenzake hungoja katika mashua kubwa upande uendako upepo, tayari kuwaokota ndege walioanguka. Maji yarukayo huganda juu ya kamba, juu ya sanamu, na juu ya bunduki. Mtu akianguka majini, baada ya dakika chache mikono yake hukosa nguvu hata ya kushika kamba atupiwayo. Wengi wamekufa hivyo katika nchi za baridi, tena waliojua kuogelea.

Tena yuko adui mwingine asiyeonekana, ndio ule mstari. Ruhusa ya kuwinda iliyotolewa Michigan haifai kitu Ontario, wala ya Ontario haifai Michigan. Bata aliyejeruhiwa huzama, akaibuka mbali, na mkondo ukamchukua ng'ambo. Mwindaji akimfuata na bunduki yake, ameingia nchi ya kigeni ana silaha mkononi. Kwa hiyo mwenye busara huweka sanamu zake mbali na mpaka, ijapokuwa ndege wengi wako katikati.

Zamani sheria hizi hazikuwako. Katika karne ya kumi na tisa watu walipiga bata ili kuwauza. Mgongo wa turubai alitakwa mno katika hoteli za mijini, akauzwa kwa bei kubwa. Wawindaji walifunga bunduki nene kama mizinga midogo juu ya mashua, wakaua makumi kwa mlio mmoja, na magari ya moshi yakachukua mapipa yaliyojaa ndege. Kila jimbo lilikuwa na kanuni zake. Bata waliohurumiwa hapa waliuawa kule, hata wakati wa masika waliporudi kwenda kutaga mayai. Mwaka 1914 njiwa wa mwisho wa kabila lililokuwa likitia giza mbingu kwa wingi wake alikufa katika kitundu mjini Cincinnati. Watu wakaona kwamba hata wingi waweza kwisha.

Ndipo tarehe 16 Agosti 1916 Marekani ilipofanya mapatano na Uingereza, iliyotia sahihi kwa ajili ya Kanada. Walikubaliana kwamba ndege wa kuwindwa wasiguswe tangu tarehe 10 Machi hata tarehe 1 Septemba, na kwamba muda wa kuwinda usizidi miezi mitatu na nusu kwa mwaka. Jimbo la Missouri lilipinga, likidai ndege walio katika nchi yake ni wake. Lakini mwaka 1920 mahakama iliyo kuu ya Marekani ilikata neno kwamba mapatano ni halali, kwani ndege apitaye tu hawezi kuwa mali ya jimbo moja.

Sheria haikuondoa kila hatari. Katika majira ya baridi ya mwaka 1948 mafuta machafu yaliyomwagwa katika Mto Detroit yaliua bata na bata bukini yapata 11,000, ambao hawakupigwa na mwindaji hata mmoja. Marisau ya risasi nayo yalizama matopeni, bata wakayameza pamoja na chakula wakafa kwa sumu. Marekani ilikataza marisau hayo kwa uwindaji wa bata mwaka 1991, na Kanada ikafuata kabla ya karne kwisha. Siku hizi hutumika ya chuma.

Jua likichwa, mwindaji wa Michigan hana budi kutoa risasi katika bunduki yake. Wa Ontario ameachiwa nusu saa zaidi. Basi kwa muda huo mfupi mto huwa kimya upande mmoja, na upande wa pili bunduki bado zasikika. Nao bata hukaa katikati, juu ya mstari wenyewe, wakizama na kuibuka.