Je, Wajua? Ugomvi wa Damuni na Ugomvi wa Kufundishwa

Je, wajua kwamba testosteroni, homoni inayosingiziwa kila ngumi inayorushwa, yaweza kumfanya mtu awe muungwana? Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Zurich, Uswisi. Wanawake 121 walipewa dozi, baadhi ya homoni hiyo na wengine ya dawa bandia, kisha wakagawana fedha na wenzao. Waliopata homoni yenyewe waligawa kwa haki zaidi. Waliojipendelea ni wale walioamini wameipata, wawe wameipata au la!

Jeni nazo zina sehemu yake. Mwaka 1993 mtafiti Han Brunner alieleza habari za ukoo mmoja wa Uholanzi ambao wanaume wake kadhaa walikuwa wakilipuka kwa hasira, wengine hadi kuchoma nyumba moto. Jeni iitwayo MAOA, inayosaidia kuvunjavunja kemikali za ubongo kama serotonini, ilikuwa imekufa kabisa. Hitilafu hiyo ni adimu mno. Jeni hiyo ikiwa dhaifu tu, jambo la kawaida kwa wanaume wengi, mambo hubadilika: utafiti wa Dunedin, New Zealand, uliofuatilia watoto waliozaliwa 1972 na 1973, ulionyesha kuwa wavulana wenye jeni dhaifu waliotendewa ukatili utotoni ndio waliokuwa hatarini zaidi kuwa wakorofi ukubwani. Wenye jeni hiyohiyo waliolelewa vizuri hawakuwa na neno.

Lakini kisa kinachonishinda kukisahau ni cha nyani wa Maasai Mara, Kenya, waliochunguzwa na Mmarekani Robert Sapolsky. Katika kundi moja, madume wababe walizoea kwenda alfajiri kwenye jalala la hoteli ya watalii kupigania makombo na nyani wa kundi jirani. Wapole walibaki msituni. Miaka ya 1980 ikatupwa hapo nyama yenye kifua kikuu, na wababe wote wakafa.

Waliobaki wakaishi kwa amani. Hilo halishangazi. Linaloshangaza ni kwamba kufikia 1993 madume wale wapole hawakuwepo tena. Dume la nyani likibalehe huhama kwao, kwa hiyo madume wa wakati huo walikuwa wahamiaji waliokulia kwingine, kwenye vurugu za kawaida za nyani. Hata hivyo walishika desturi ya wenyeji: kupigana kidogo, kuchambuana manyoya sana. Majike wa hapo waliwakaribisha wageni mapema kuliko majike wa makundi mengine.

Sapolsky alikuwa akiwalaza nyani kwa kishale cha dawa ya usingizi, kisha kuwatoa damu ili kupima msongo wao. Katika kundi hilo, hata madume wanyonge kabisa hawakuwa na dalili za msongo alizozizoea kwa wanyonge wa kwingine.