Duka la Vitabu, Skrini na Msomaji wa Kiswahili

Makala haya yanakusudia kuchunguza dai ambalo hurudiwa mara kwa mara miongoni mwa wachapishaji na hata katika vyumba vyetu vya mihadhara, yaani kwamba maduka ya vitabu yanafifia kwa sababu wasomaji wamehamia kwenye skrini. Dai hilo lina ukweli wake. Hata hivyo, kwa upande wa Kenya, na hasa kwa upande wa fasihi ya Kiswahili, halielezi yote. Nitajaribu kuonyesha kwamba duka la vitabu la hapa kwetu lilidhoofishwa zaidi na mambo mengine, na kwamba skrini yenyewe bado haijawa tayari kumpokea msomaji wa Kiswahili aliyefungiwa mlango wa duka.

Mfano utolewao sana ni wa Marekani. Kampuni ya Borders, iliyoanza kama duka moja mjini Ann Arbor, Michigan, mwaka 1971, ilifunga maduka yake yote mwaka 2011, miaka minne baada ya Amazon kutoa Kindle. Anayeishia hapo huona hoja imekamilika. Lakini Borders ilikuwa imeikabidhi Amazon biashara yake ya mtandaoni tangu mwaka 2001, tena ilikuwa imelemewa na madeni; na mpinzani wake mkuu, Barnes & Noble, yungali hai, na katika miaka ya hivi karibuni amekuwa akifungua maduka mapya. Basi hata huko skrini peke yake haitoshi kuwa maelezo.

Hapa Kenya, duka la vitabu aghalabu lilikuwa duka la vitabu vya shule. Kila mmoja wetu anazikumbuka foleni za Januari, wazazi wakiwa na orodha mkononi. Riwaya, diwani na tamthilia zilikaa kwenye rafu ya nyuma, na pango la rafu hiyo lililipwa na vitabu vya hesabu na sayansi. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza mwaka 2003, kila mwanafunzi alitengewa shilingi 1,020 kwa mwaka, na kati ya hizo shilingi 650 zilikuwa za vitabu na vifaa vya kufundishia. Shule zilinunua zenyewe kwa wauza vitabu, wakiwamo wale wa miji midogo. Kisha yakaja mapigo mawili. Sheria ya kodi ya ongezeko la thamani ya mwaka 2013 ilivitoza vitabu asilimia 16. Na tangu Januari 2018 serikali ilianza kununua vitabu vya kiada moja kwa moja kwa wachapishaji na kuvifikisha shuleni bila kupitia dukani. Sababu zilizotolewa hazikuwa za kupuuzwa: fedha, ilielezwa, zilikuwa zikipotea njiani, na ununuzi wa pamoja ulishusha bei ya nakala. Mtoto aliyekuwa akishiriki kitabu kimoja na wenzake alitarajiwa kupata chake. Sidai kwamba uamuzi ule ulikuwa mbaya. Nasema tu kwamba mwenye duka aliyeondolewa hesabu na sayansi hakuweza tena kuilipia rafu ya nyuma, na swali la wapi riwaya ya Kiswahili ingeuziwa halikupata kuwa sehemu ya mjadala.

Pengo hilo limezibwa kwa sehemu na wachuuzi wa vitabu vikuukuu kandokando ya barabara za katikati ya Nairobi. Wenyeji hupaita "inama", kwa kuwa mnunuzi hana budi kuinama ili avisome vitabu vilivyotandazwa chini. (Jina hilo, kwa maoni yangu, ni bora kuliko istilahi nyingi tulizoziunda mezani.) Lakini vingi vya vitabu hivyo ni vya Kiingereza, vilivyokwisha kusomwa ng'ambo, Kiswahili huonekana pale hasa kwa sura ya vitabu teule vya mitihani iliyopita.

Yabaki simu. Muhula mmoja niliwaagiza wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu wasome Nagona ya Euphrase Kezilahabi, riwaya fupi iliyotoka mwaka 1990. Maduka matatu ya mjini hayakuwa nayo, na maktaba ilikuwa na nakala moja tu. Juma la pili darasa zima lilikuwa nayo kwenye simu: mtu alikuwa ameipiga picha ukurasa kwa ukurasa, kidole gumba chake kikionekana pembeni, na kurasa mbili alizirusha. Insha kadhaa nilizoletewa zilijadili kwa makini ukimya wa ghafla katika masimulizi, ukimya ambao kumbe haukuwa wa mwandishi bali wa mpiga picha. Nilicheka, kisha nikaona haya. Mwenye haki ya kitabu hakupata hata senti, nami ndiye niliyetoa agizo bila kuuliza kitapatikana wapi.

Tukio hilo lilinikumbusha masomo yangu ya uzamili ng'ambo. Maktaba ya chuo kile ilikuwa na rafu nzima ya Kiswahili, na huko, nikitafuta kitabu kingine kabisa, ndiko nilikokutana na waandishi wa Unguja ambao sikupata kuwasikia nikiwa nyumbani. Rafu humwonyesha mtu asichokijua. Mtambo wa kutafutia humtaka kwanza ataje anachokitaka. Na kijana ambaye shuleni alijua vitabu teule tu, atataja vitabu teule tu, au miongozo yake.

Kuna na taabu ya pili, nayo inatuhusu sisi wanaisimu moja kwa moja. Programu nyingi za kutafutia zilibuniwa kwa ajili ya lugha ambazo neno hubadilika zaidi mwishoni: mtu huandika mwanzo wa neno na mashine hukamilisha. Katika Kiswahili viambishi hutangulia na mzizi hujificha nyuma yake. Mashine isiyojua sarufi yetu ikiulizwa "kitabu" haitoi "vitabu". Ikipewa herufi za mwanzo za "soma" haifikii "tulisoma", "wasiosoma", "msomi" wala "usomaji". Mwenye kutafuta "wimbo" katika orodha iliyoandikwa "nyimbo" huambiwa hakuna kitu, naye huamini. Watunga kamusi walikabiliana na jambo hili zamani. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 ilikwisha kuvipanga vinyambuo chini ya kitenzi chake. Na kwa upande wa kompyuta, Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza katika miaka ya 1980 kuunda programu ya kuchanganua maumbo ya maneno ya Kiswahili. Kazi hiyo ipo, lakini katalogi ninazozitumia kila siku hazionyeshi dalili ya kunufaika nayo. Vishikwambi zaidi ya milioni moja vilivyopelekwa katika shule za msingi kwa mpango ulioanza mwaka 2016 navyo vilibeba masomo ya darasani. Havikukusudiwa kuwa maktaba ya riwaya.

Idara zetu zinaweza kuanza na jambo dogo. Tuandae orodha ya vitabu vya fasihi ambavyo havipatikani tena madukani, kila kimoja kikiingizwa kwa jina, kwa mada, na kwa maneno yake makuu katika umoja na wingi, ili mtu akutane hata na kile asichokitaja. Kisha tumwandikie kila mwenye haki kuomba idhini ya kutoa nakala safi ya kielektroniki, kwa ada ambayo mwanafunzi anaweza kuilipa kwa simu hiyo hiyo anayosomea. Barua yangu ya kwanza, kuhusu Nagona, nimekwisha kuiandika. Zile kurasa mbili niliwasomea wanafunzi kwa sauti darasani, kutoka katika nakala ya maktaba, na waliotaka kuandika upya insha zao niliwaruhusu.