Biokemia si udaktari, lakini si kozi ya kutupwa

Jirani yangu alipiga hodi baada ya magharibi, simu mkononi, uso umemkunjamana. Bintiye alikuwa ameitwa kusomea Biokemia katika chuo kikuu cha umma. Nyumba nzima ilikuwa imeshaanza kumwita daktari na halwa imeshaliwa, mpaka mjomba mmoja aliyeko Nairobi akapiga simu kusema kuwa hiyo si kozi ya udaktari. "Sasa mwanangu apelekwa kusoma nini?" akaniuliza.

Si yeye peke yake. Mtoto akijaza chaguo zake kwenye mtandao wa KUCCPS, juu huweka udaktari, kisha ufamasia, kisha uuguzi. Huko chini huandika chochote chenye harufu ya hospitali. Alama zisipofika kule juu, mtambo humteremsha mpaka pale zinapotosha. Biokemia nayo yataka alama nzuri za Biolojia na Kemia, na Hisabati au Fizikia, lakini si lazima awe na zile A tupu ambazo udaktari hudai. Basi barua yaja, na mzazi asoma "bio" tu.

Biokemia ni elimu ya kemia inayotendeka ndani ya kiumbe hai. Hamira ikiumua unga wa mahamri, hiyo ni biokemia. Wali uliokula mchana ukageuka nguvu ya kupanda ngazi, hiyo pia. Kazi hizo hufanywa na protini maalumu ziitwazo vimeng'enya, na mwanafunzi husoma vinavyofanya kazi, vinavyoharibika, na jinsi dawa inavyoweza kukizuia kimoja bila kukigusa kingine.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni selimundu, ule ugonjwa ambao wengi twauita siko seli. Hapa Pwani hakuna mtaa usioujua: mtoto wa macho ya manjano, maumivu ya viungo, kulazwa kila baada ya muda. Zamani watu walisema kalogwa, na wapo wasemao hivyo hadi leo. Chanzo chake ni kidogo mno. Ile protini inayobeba hewa katika damu ina minyororo, na mmojawapo una viungo 146. Kiungo cha sita kikibadilika, kimoja tu, protini hizo hushikana zikipungukiwa na hewa, na chembe nyekundu ya damu hupinda kama mundu. Aliyerithi badiliko hilo kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida haugui, tena huwa na kinga fulani dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana hali hii imeenea kwenye nchi za malaria kama yetu. Wawili wa namna hiyo wakioana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa. Sisi tunaooza binamu kwa binamu twapaswa kulijua hili kabla ya posa.

Masomo huchukua miaka minne. Mwaka wa kwanza huwavunja wengi moyo, kwani ni kemia, hesabu na biolojia ya chembe, kama marudio ya sekondari yaliyotiwa pilipili. Baadaye huja vinasaba, kinga ya mwili, na kazi za maabara kama kipimo cha PCR, kile tulichokijua sote wakati wa Korona. Kisha kuna atachimenti na utafiti wa mwaka wa mwisho. Mwenye bidii huitafuta atachimenti mapema, maana ndipo watu wa kazi humjua.

Sasa kwenye jambo linaloumiza. Mhitimu wa Biokemia haruhusiwi kupima damu ya wagonjwa katika maabara ya hospitali kwa shahada hiyo pekee. Kazi hiyo ina bodi yake, KMLTTB, inayosajili waliosomea sayansi ya maabara za tiba. Nimewaona vijana wakiligundua hili baada ya kuhitimu, joho limeshakunjwa kabatini. Wala Biokemia si ngazi ya kupandia udaktari: akiutaka, kwa kawaida huanza upya, tena kwa gharama yake.

Milango yake ni mingine. Kilifi, kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome kimekuwapo tangu 1989, na chanjo zote mbili za malaria zilizopendekezwa na WHO, ile ya 2021 na ile ya 2023, zilifanyiwa majaribio huko pia. Chuo Kikuu cha Pwani kiko mji huohuo. Mombasa kuna taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, maabara ya Mkemia wa Serikali, na viwanda vya vyakula vinavyohitaji watu wa kupima ubora. Nafasi si tele, sitamdanganya mtu. Katika utafiti, shahada ya kwanza ni mwanzo tu, na wengi huhitaji uzamili.

Kuhusu karo, kuitwa chuo si kulipiwa. Tangu mfumo wa 2023, mwanafunzi lazima aombe mwenyewe. Mkopo wa HELB una riba ya asilimia 4, na najua nyumba ambazo kwa sababu hiyo hazikuomba chochote. Ufadhili wa serikali ni kitu mbali na mkopo, haurudishwi. Ulizeni kwa masheikh wenu kuhusu mkopo, lakini msiache ufadhili mkidhani ni kitu kimoja. Na asiyeitaka kozi aliyopewa aombe uhamisho wakati dirisha lingali wazi, mradi alama zake zafika kule atakako.

Nilimweleza jirani yote haya, binti naye akisikiliza mlangoni. Akauliza swali moja tu, la yule binamuye mwenye selimundu: kama ni kiungo kimoja kilichobadilika, mbona hakirudishwi? Nikamwambia watu wanajaribu, na tiba za kurekebisha vinasaba zimeanza kuidhinishwa ng'ambo, ila bei yake haishikiki.

Ameamua kubaki na Biokemia. Mamake bado amwita daktari. Nami nimemwambia akisoma mpaka uzamifu, jina hilo atakuwa nalo kwa haki.