Shahada Ukutani, Simu Mkononi

Kaka yangu alihitimu chuo kikuu mwaka wa 2022. Picha yake akiwa amevaa joho imeangikwa sebuleni kwetu hapa Machakos, na baba humwonyesha kila mgeni hata kabla hajaketi. Kazi hakupata. Mimi niko kidato cha tatu, na karo yangu inatoka mfuko ule ule uliomsomesha yeye, basi jambo hili linaninyima usingizi.

Husemwa ati dawa ni ujasiriamali wa kidijitali, yaani kuanzisha biashara kwa simu, kompyuta na intaneti. Hapa Kenya njia ipo. M-Pesa ilianza mwaka wa 2007, na mwaka wa 2016 serikali ikaanzisha Ajira Digital ili vijana wafunzwe kazi za mtandaoni. Lakini elimu hii ina sehemu mbili, nasi vijana hukimbilia moja tu.

Kaka alianza kuuza viondo anavyosuka shangazi. Kupiga picha, lo, hapo ni fundi! Aliziweka kwenye WhatsApp, na watu wa Nairobi wakaanza kuagiza. Kiondo alikichukua kwa shilingi 700, akakiuza 900, kukituma kukiwa juu yake. Siku moja mama, ambaye huuza sukuma wiki sokoni na aliachia shule darasa la saba, akamwuliza, "Na matatu unailipa ngapi?" Shilingi 250 kwa kila kiondo. Hebu piga hesabu mwenyewe, msomaji. Viondo 12 vilikuwa vimeshaenda, hasara shilingi 600, naye akijiona tajiri kwa sababu simu haikuacha kulia!

Sehemu ya pili ndiyo hiyo: gharama, bei na daftari. Somo la Biashara linatufunza hayo, ila tunayakariri kwa ajili ya mtihani, kisha kompyuta tunafunzwa chumba kingine kama kwamba hazijuani. Mfumo wa 8-4-4 nao ulipoanza mwaka wa 1985 ulikusudiwa kutufanya tujitegemee. Mimi naona kila kidato kingeuza kitu kimoja muhula mzima, hata kwa simu ya mwalimu maana zetu haziruhusiwi, halafu hesabu zisomwe mbele ya darasa, hasara ikiwemo.

Siku hizi kaka huuzia duka moja Nairobi, viondo 6 katika gunia moja, nauli shilingi 300. Bado si mshahara wa mwenye shahada, na baba hukumbusha hivyo kila jioni. Mama hukagua daftari Jumapili. Muhula huu pesa zangu za chakula cha mchana zimetoka humo.